Kabla ya kuwapiga sumu sisimizi, pima joto la udongo

Mkulima akiona sisimizi wamezidi shambani, mara nyingi humwaga sumu kwenye mashimo yao saa ile ile aliyowaona, hata jua likiwa la utosi. Hufa wachache waliokuwa juu. Malkia, mayai na mabuu wako chini kwenye udongo wa baridi, na baada ya siku chache njia zao zimejaa tena.

Mwili wa sisimizi hupata moto na kupoa kufuatana na mahali alipo, kwa hiyo hujiokoa kwa kuhama. Udongo mtupu uliopigwa na jua la mchana unaweza kupita nyuzi joto 50 za Selsiasi, ilhali sentimita 30 chini yake joto hubadilika kidogo tu kati ya mchana na usiku. Vibarua, yaani sisimizi wafanyakazi wa kundi, huijua vizuri tofauti hiyo. Jua linapoanza kupasha ardhi, huwapandisha mabuu karibu na uso wake ili wakue upesi. Likikaza, huwabeba na kuwashusha. Penye baridi kali, kundi zima hushuka kusikofikiwa na barafu, hukumbatana na kuishi kwa mafuta yaliyomo mwilini. Baadhi hutengeneza gliseroli, inayozuia maji ya mwili yasigande. Sisimizi wa fedha wa Sahara ni wa ajabu zaidi: hutoka mchana wa joto kali, akilindwa na vinyweleo vinavyorudisha mwanga wa jua na miguu mirefu inayomwinua juu ya mchanga.

Hao wa shambani hawawezi hivyo, na hapo ndipo pa kuwapatia. Tumia chambo chenye sumu ya polepole, ambacho watakibeba wenyewe hadi kwa malkia, na ukiweke wakati wanapotafuta chakula. Sisimizi wa moto, kwa mfano, hutafuta chakula udongo wa juu ukiwa kati ya nyuzi 15 na 43 hivi. Msimu wa joto subiri jioni. Msimu wa baridi ngoja ardhi ipate jua kwanza. Kama huna kipimajoto, weka chambo kidogo kando ya njia yao. Wakikizonga ndani ya nusu saa, weka kilichobaki. Usikiweke mvua ikinukia, wala kwenye udongo uliolowa.

Nakusihi lakini usiwaue wote. Wengi hula mayai ya wadudu, viwavi wachanga na mchwa. Matandazo hupoza udongo, nao huweza kuwinda hata saa ambazo ardhi tupu ingewafukuza. Wa kushughulikia ni wale wanaopanda na kushuka shina moja mfululizo: geuza majani ya mmea huo utazame chini yake, maana huenda wanalinda vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea.