Matairi ya Datsun 240Z: anza na kimo, upana ufuate

Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan, ilitoka kiwandani na matairi ya 175HR14 (upana milimita 175, H alama ya kasi, R radial, rimu ya inchi 14) kwenye rimu nyembamba za inchi 4.5. Ndiyo gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Leo anayeimiliki akienda dukani na kutaja 175HR14, mara nyingi ataambiwa saizi hiyo haipo, halafu aletewe kitu "kinachofanana". Hapo ndipo makosa huanzia.

Tairi la zamani lisiloandikwa asilimia ya ubavu lina ubavu wa karibu 80% ya upana wake. Piga hesabu: 175 × 0.80 × 2 ni milimita 280. Jumlisha rimu ya inchi 14, yaani milimita 355.6, upate kimo, yaani kipenyo chote cha tairi, cha milimita 635 na ushee. Namba hiyo iandike mahali. Gia, spidomita na nafasi ndani ya madigadi vyote vilipangwa kwa kimo hicho, kwa hiyo kila saizi unayoshawishiwa kununua ipime kwanza kwa 635. Tofauti ya hadi 2% haina shida. Ikizidi 3%, kuwa na sababu nzuri.

Kama unabaki na rimu za asili za 4.5J (upana wa inchi 4.5), chaguo lako ni dogo: 175R14, au 185/70R14 (70 ni asilimia ya ubavu) yenye kimo cha 615. Hiyo ya pili ni fupi kwa 3%, kwa hiyo spidomita ikisoma 100 wewe uko kwenye 97 hivi, na injini inazunguka zaidi kidogo. Inavumilika. Usikubali kufungiwa 195/70R14 kwenye rimu hiyo, kwani tairi hilo linataka rimu ya kuanzia inchi 5. Likibanwa kwenye rimu nyembamba, ubavu huvimba na kashata (meno ya tairi) hukanyaga katikati tu, na kwenye kona gari huyumba. Kwenye rimu ya 5.5J au 6J, 195/70R14 ni chaguo zuri sana: kimo 629, pungufu ya 1%.

Jihadhari na 195R14C. Hili ni tairi la Hiace, limejaa kila duka, na muuzaji atakuambia "ni ileile kumi na nne". Si ileile. Ubavu wake umetengenezwa kubeba mzigo, ni mgumu, na kimo chake kinafika karibu 670. Kwenye gari jepesi lenye kilo elfu moja hivi litadunda badala ya kushika barabara.

Sasa saizi ambayo sisi tungependekeza kwa mtu anayeendesha gari lake badala ya kulifunika turubai: 195/65R15. Kimo chake ni 634.5, yaani sawa kabisa na la asili. Ni saizi ya kawaida kwenye magari kama Toyota Wish, kwa hiyo unaipata Mombasa, Arusha au Kampala bila kuagiza, na unachagua kati ya Michelin, Bridgestone, Yokohama na Dunlop. Inakaa vizuri kwenye rimu ya 6J au 6.5J. Ubavu wake ni milimita 127. Linganisha na 225/50R16, ambayo kimo chake nacho kinakubalika (631) lakini ubavu ni 112 tu. Kwenye barabara ya mashimo na matuta, hizo milimita 15 ndizo zinazookoa rimu. Tena 240Z haina pawa stiaringi, kwa hiyo ukiweka 225 mbele utalijua zoezi la mikono kila unapoegesha.

Wapenda mbio huvutiwa na matairi laini kama Yokohama Advan Neova kwa saizi ya 205/50R15. Tairi ni zuri, saizi ndiyo mbaya: kimo 586, pungufu ya karibu 8%. Gari linashuka milimita 24 na spidomita inadanganya vibaya.

Rimu zenyewe ni mtego mwingine. 240Z ina boliti nne kwa mpango wa 4×114.3, yaani zimepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Rimu za Wish hazitaingia, maana ni za boliti tano. Rimu za saluni za Nissan au Mitsubishi zenye boliti nne zinaweza kuingia, lakini nyingi zina ET (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari) ya 35 hadi 45, na tairi litasugua kikombe cha springi kwa ndani. Rimu zinazotengenezwa kwa ajili ya Z huwa na ET ya karibu na sifuri. Ukitoka 4.5J kwenda 6J bila kubadili ET, rimu inaongezeka milimita 19 kila upande. Ukipunguza ET kwa 10, inaingia ndani 9 tu na kutoka nje 29.

Usinunue manne kabla ya kujaribu moja. Bandika donge la udongo wa kufinyangia kwenye kikombe cha springi, funga gurudumu, shusha gari, lisukume polepole gurudumu lizunguke, kisha fungua upime unene uliobaki. Ukipata chini ya milimita 6, nafasi haitoshi. Mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Nyuma, pakia mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 kwenye buti, uangalie ukingo wa madigadi.

Nati ni za M12×1.25 (kipenyo milimita 12, nafasi ya uzi milimita 1.25). Za Toyota ni M12×1.5, na fundi mwenye haraka atazilazimisha kwa mashine mpaka uzi wa boliti uishe. Anza kwa mkono, malizia kwa spana ya kupimia, Nm 80 hivi.

Kuhusu chapa: anayetaka sura ya asili atafute laini za magari ya kale za Michelin, Pirelli au Vredestein. Ni ghali na huagizwa. BFGoodrich Radial T/A yenye maandishi meupe hupendeza, ila ina alama S, mwisho kilomita 180 kwa saa, na gari hili linafika 200. Tafuta H, yaani 210, au zaidi. Chapa usizozijua si lazima ziwe mbovu, lakini usichanganye mbili tofauti kwenye ekseli moja.

Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwanda iliyo ubavuni: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Saizi adimu hukaa stoo miaka mingi. Lililopita miaka mitano liache, hata kama kashata zake bado zina vile vinywele vya mpira. La mtumba usiliguse.

Presha anza na psi 28 magurudumu yote, asubuhi kabla ya kuendesha. Baada ya kilomita 1,000 hivi, angalia kashata: zikilika pembeni zote mbili ongeza psi 2, zikilika katikati punguza 2. Zikilika upande mmoja tu, upepo hauhusiki, peleka gari alaimenti.