AUTO ya taa haioni ukungu

Asubuhi moja ya ukungu mzito, gari la kijivu lilinitokea mbele ghafla nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Nyuma halikuwa na taa hata moja. Tuliposimama nikamfuata dereva. Akanionyesha swichi: iko kwenye AUTO, yaani taa zijiwashe na kujizima zenyewe. Na kweli, gari lake halikuwa na hitilafu yoyote.

Tangu siku hiyo kila ninayempakia namwonyesha kile kidude cheusi juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele. Hicho ndicho kihisi, na kazi yake ni kupima wingi wa mwanga, basi. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa inataka taa ziwake ndani ya sekunde 2 mwanga ukishuka chini ya laksi 1,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Ukipanda juu ya 7,000, zinakawia zaidi ya sekunde 5 ndipo zizime, zisije zikawakawaka kila upitapo chini ya miti.

Sasa, ukungu wa mchana ni mweupe, una mwanga tele. Kihisi kinaona kumekucha. Dashibodi inang'aa, zile taa ndogo za mchana zinawaka mbele, nawe unaamini uko salama, kumbe kwenye magari mengi nyuma ni giza tupu. Angalia alama ya kijani ya taa kwenye dashibodi. Kama haipo, washa kwa mkono.

Kwa hiyo iache AUTO siku za kawaida, magharibi inapoingia, na kwenye mahandaki. Mvua, ukungu, moshi au vumbi vikianza, zungusha swichi mwenyewe mpaka taa kubwa, ukitumia dimu, yaani taa zinazomulika chini. Fulu, ile ya kumulika mbali, kwenye ukungu inakurudia machoni kama ukuta mweupe.

Kupima kama AUTO inafanya kazi ni rahisi: egesha, acha injini iwake, funika kihisi kwa kitambaa kizito. Taa ziwake. Usiweke karatasi wala kofia juu yake, zitawaka mchana kutwa.

Kama gari lako hujishushia fulu lenyewe, hiyo ni kazi ya kamera iliyo karibu na kioo cha ndani. Inatafuta taa za magari mengine, kwa hiyo mtembea kwa miguu haioni, na kwenye kona au mwinuko huchelewa. Hapo mimi hushusha kwa mkono kabla mwenzangu hajatokeza.