Somo: Kuorodhesha nyaraka za zamani ili anayezitafuta azipate

Somo hili ni la wenye masanduku ya karatasi: msikiti, shule, chama, ofisi ya wakfu, ukoo. Karatasi zipo na hazijaliwa na mchwa, ila akija mtu na swali, wa kumjibu ni mzee mmoja tu, na siku hiyo hayupo. Mara nyingi kinachokosekana ni maelezo. Mtafutaji huja na jina la mtu, mtaa na mwaka. Karani aliyefungua jalada alikuwa na yake kichwani.

1. Usipange upya. Barua zilizokutwa pamoja zibaki pamoja, hata mada zikitofautiana. Ukizikusanya barua zote za "ardhi" kutoka majalada matano, hutajua tena ipi ilijibu ipi. Mada ni kazi ya faharasa: waraka mmoja unaweza kutajwa chini ya mada nne, lakini sandukuni una mahali pamoja.

2. Toa namba isiyobadilika. Mfano: MSK/B/003/012, yaani msikiti, mfululizo wa barua, jalada la 3, waraka wa 12. Namba ya rafu isiingie humo. Paa likivuja wakati wa masika masanduku yatahamishwa, na namba itabaki ikidanganya. Rafu iwe na safu yake kwenye jedwali. Andika kwa penseli ya HB au 2B pembeni mwa waraka na juu ya jalada. Lebo za gundi hazihimili unyevu wa Mombasa. Baada ya muda utaziokota chini ya sanduku bila kujua ipi ilikuwa ya nini. Pini na vibanio vya chuma viondoe ukiwa hapo hapo, kutu hula karatasi.

3. Jedwali. ISAD(G), kiwango cha kimataifa cha kueleza nyaraka za kumbukumbu, kinataka mambo sita bila kukosa: namba ya rejea, kichwa, aliyeziunda nyaraka, tarehe, kiasi (kurasa au masanduku), na ngazi (mkusanyo mzima, mfululizo, jalada au waraka). Ongeza lugha na hati (aina ya maandishi: Kiarabu au Kilatini), mahali, majina, ruhusa ya kusoma, na rafu. Anzeni na ngazi ya jalada. Anayeanza na waraka mmoja mmoja huishia sanduku la pili.

Hapa Excel, programu ya majedwali, huharibu kazi za wengi. Haitambui tarehe za kabla ya 1900, kwa hiyo tarehe ya 1898 itakaa kama maandishi na ya 1902 kama tarehe, na ukipanga kwa miaka mambo yatavurugika. Namba kama 3-12 itageuzwa kuwa tarehe, na 003 itabaki 3. Dawa: kabla ya kuchapa chochote, ifanye safu nzima kuwa ya maandishi, kisha andika 1898-07-14, au 1898 peke yake kama siku haijulikani.

Tarehe ya Hijria iache kama ilivyo, na kando yake weka ya Miladi. Mwaka 1318 ni 1900–1901. Mwaka 1400 ni 1979–1980. Tofauti ilikuwa 582, ikashuka hadi 579, kwa sababu mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Anayetoa namba ile ile kila mara atakosea.

4. Kichwa. "Barua mbalimbali" si kichwa. "Mengineyo" ndiyo mbaya zaidi. Sema nani, kwa nani, kuhusu nini, wapi, lini: *Barua za kamati ya msikiti kwa manispaa kuhusu bomba la maji, Kibokoni, 1954–1957*. Kichwa cha asili usikifute, kitie ndani ya alama za kunukuu kwenye safu ya pembeni. Anayefuatilia mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 atachapa "mgomo". Jalada la afisa wa serikali huenda limeandikwa "hali ya vibarua". Usipoongeza neno la mtafutaji, hawakutani.

5. Majina. Chagua sura moja, nyingine zote zielekeze huko: Mohammed, Muhammad na Mohamed ziende mahali pamoja. "Al-" isihesabiwe katika kupanga. Al-Mazrui na Mazrui wakae chini ya M. "Bin" na "binti" andika, bila kuzipanga kwa B. Mahali vilevile: Mvita na Mombassa yenye s mbili ni Mombasa; Salim Road ni Digo Road ya leo, Kilindini Road ni Moi Avenue. Weka jina la kwenye waraka na la sasa, yote mawili.

6. Jaribu. Mpe mtu asiyeijua kazi yenu maswali matatu na orodha. Usimsaidie. Neno alilotafuta akakosa, liongeze.

Maswali ya wanachama

*Likoni:* Mwalimu, tusianze kwa kupiga picha kila kitu?

Hapana. Picha elfu mbili zenye majina ya IMG yanayotolewa na kamera ni sanduku jingine lisilo na orodha. Namba kwanza, kisha faili iitwe MSK-B-003-012_01.tif. Mkwaju (/) usiingie kwenye jina la faili, kompyuta hukataa. Dpi 300 (nukta kwa kila inchi) zatosha kwa barua za kawaida.

*Mji wa Kale:* Barua za babu ni Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na nyumbani hakuna azisomaye.

Orodhesha unachokiona: kurasa, muhuri, tarehe, hati. Kisha tafuta msomaji ajuaye Kiswahili cha zamani. Kujua Kiarabu peke yake hakutoshi. Katika hati hizo herufi be yaweza kuwa b, p au mb, na kasra, alama ya irabu chini ya herufi, yaweza kuwa i au e. Jina lenye shaka liandikwe na alama ya kuuliza, pamoja na usomaji wa pili.

*Changamwe:* Tuna karatasi za talaka na za hospitali. Tuziache nje ya orodha?

Ziingie, ila kwa ngazi ya mfululizo: aina, miaka, na "ruhusa inahitajika". Majina ya walio hai na maradhi yao yasionekane kwenye orodha ya wazi. Someni Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kabla ya kuweka chochote mtandaoni.

*Kisauni:* Programu gani, ya bure?

AtoM, programu ya kuorodhesha nyaraka. Imejengwa juu ya ISAD(G) na hupokea jedwali la CSV, yaani lililohifadhiwa kama maandishi matupu. Unapohifadhi, chagua usimbaji wa herufi wa UTF-8, la sivyo maandishi ya Kiarabu yatageuka alama za kuuliza. Lakini inahitaji seva na mtu wa kuitunza; kwa masanduku ishirini, jedwali na nakala mbili zilizo nyumba tofauti zinatosha.