Kinundu shingoni mwa kichanga: hatua kwa hatua

Mara nyingi hakionekani siku ya kuzaliwa. Mama hukigusa mtoto akiwa na wiki 2 hadi 4, anapompaka mafuta: kitu kigumu kama kokwa ya tende. Mara nyingi ni msuli wa shingo uliokakamaa, wala si saratani.

Hatua ya 1. Mlaze chali umtazame. Kinundu hiki kimo ndani ya msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio hadi mtulinga. Ukikigusa mtoto halii, na ngozi haina wekundu wala joto. Kichwa huinamia upande wenye kinundu, kidevu kikatazama upande wa pili.

Hatua ya 2. Nenda hospitali hata kama yote hayo yanalingana, maana shingoni huota uvimbe wa aina nyingi. Ultrasaundi kwa kawaida inatosha. Kukata kinyama cha kupima huwa hakuhitajiki. Omba nyonga zikaguliwe pia, kwani watoto hawa wakati mwingine huwa na nyonga zisizokaa sawa.

Hatua ya 3. Mazoezi, baada ya mtaalamu wa fiziotherapia kukuonyesha kwa mikono yake. Tuseme kinundu kiko kulia. Shika bega la kulia lisinyanyuke, geuza uso taratibu kuelekea bega hilo, usubiri kidogo. Kisha laza sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto. Kila unapobadilisha nepi ni nafasi nzuri. Akilia au akikaza shingo, acha.

Hatua ya 4. Akiwa macho, mlaze kifudifudi ukiwa naye, na umwite kutoka upande asiopenda kugeukia.

MASWALI

Mama Pacha: Nilizaa kwa operesheni, imekuwaje mtoto apate kinundu hiki?
Jibu: Hutokea. Watoto waliotanguliza matako hupata zaidi, na msuli unaweza kubanwa tangu tumboni.

Bibi Mjukuu: Tumchue na mafuta ya nazi?
Jibu: Shikamoo bibi. Kupaka ni sawa; ila kukandamiza, kukanda kwa maji moto na kuchanja kwa wembe, hapana.

Baba Mtoto: Mbona kimeongezeka?
Jibu: Huweza kukua wiki chache, kisha kusinyaa; vingi huisha ndani ya miezi 4 hadi 8. Ila homa, wekundu, kupumua kwa shida, kushindwa kunyonya au vinundu vingine: mpeleke leo hii. Upasuaji hufikiriwa shingo ikibaki imepinda baada ya mwaka wa mazoezi.