Kahawa ya kafetieri ya kubonyeza: namna ya kuipika nyumbani Bukavu

Karatasi ya maelezo inayokuja ndani ya boksi la kafetieri husema: chemsha maji, yaache kidogo yapoe, ndipo umimine. Ukiwa Bukavu, futa hayo maneno ya katikati. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Joto ambalo mtu wa Mombasa analipata baada ya kungoja, sisi tunalo tayari birika likiwa bado linatokota. Ukingoja tena, maji yatafika kwenye kahawa yakiwa yamechoka, na kikombe kitatoka chepesi chenye uchachu hata kama kahawa uliyotia ni nyingi. Goma ni hivyo hivyo. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 na kitu, wanapata nyuzi moja zaidi. Kwa hiyo hatua nyingi za hapa chini zina kazi moja, nayo ni kulinda joto.

Kafetieri yenyewe

Ni kopo, mfuniko, na pistoni inayopita katikati ya mfuniko. Ifungue pistoni kabla ya kuitumia mara ya kwanza ili uijue. Chini kabisa kuna sahani ya chuma yenye matundu makubwa, juu yake wavu mwembamba, na juu ya wavu sahani nyingine yenye springi iliyozunguka ukingo wake. Springi ndiyo inayosukuma wavu ugandamane na ukuta wa kopo. Ukiwa dukani, ishushe pistoni ndani ya kopo tupu. Inapaswa kukataa kidogo. Ikiteremka yenyewe tu, springi imelegea au wavu ni mdogo, na machicha yatapita pembeni kila siku. Hiyo usinunue hata kwa bei ya chini.

Kama bado hujanunua, tafuta ya chuma yenye kuta mbili. Asubuhi za Bukavu zina baridi, na kioo kinapoteza joto haraka. Ya kioo inafanya kazi vizuri pia, mradi uifunge kitambaa kama nitakavyoeleza. Angalia tena maandishi ya boksi: "vikombe 8" maana yake ni lita 1, kwa sababu wanahesabu vikombe vidogo. Ile ya "vikombe 3" ni mililita 350, yaani kikombe kimoja kikubwa cha mtu mmoja.

Kahawa na maji

Tuko katikati ya arabika. Idjwi, Kalehe na Kabare zinalima kahawa nzuri, na mtu wa Bukavu hana sababu ya kunywa unga wa kopo uliosafiri kutoka mbali. Nunua punje nzima zilizokaangwa, rangi ya kahawia, zisizong'aa mafuta. Zinazong'aa nyeusi zimekaangwa kupita kiasi, na utakachoonja ni moto tu, shamba hutalionja. Zilizotoka kikaangoni jana ziache siku nne au tano kwanza, maana bado zinatoa gesi nyingi inayozuia maji yasiingie ndani ya unga. Zihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, mbali na jiko.

Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yaache kwenye ndoo iliyofunikwa kitambaa usiku mzima, harufu itapungua. Maji ya ziwa Kivu usiyapikie kahawa hata ukiyachemsha: yana chumvichumvi nyingi za jamii ya magadi, na hizo zinaua uchachu mzuri wa arabika. Kinachobaki ni kinywaji kizito kisicho na ladha. Maji ya mvua au ya chemchemi, yakichujwa na kuchemshwa, yanafaa.

Kipimo: gramu 60 kwa lita 1 ya maji. Kafetieri ya lita 1 haijazwi mpaka juu, inapokea mililita 900, basi tia gramu 54. Kama huna mizani, kijiko cha supu kilichosawazishwa kina karibu gramu 5 za kahawa ya chengachenga. Weka vijiko 11. Kwa kafetieri ndogo weka vijiko 4. Usipunguze kahawa ili uongeze muda wa kuloweka. Hapo ndipo uchungu unapoanzia.

Hatua

1. Bandika birika lenye lita moja na nusu. Sehemu yake ni ya kupasha kopo. Kama unatumia mbabula, ngoja makala yashike yote yawe mekundu, na birika liwe na mfuniko. Makala ambayo hayajashika yanatoa moshi, na maji yanaubeba moshi huo moja kwa moja hadi kwenye kikombe.

2. Pasha kopo. Kioo kilicholala kwenye baridi kianze na maji ya uvuguvugu, kisha ya moto, la sivyo kinaweza kupasuka. Jaza nusu, funika na pistoni ndani ili nayo ipate joto. Rudisha birika motoni.

3. Saga sasa, si jana. Ukubwa unaotakiwa ni kama chumvi ya mawe iliyopondwa: chenga unazoziona moja moja. Kinu cha kahawa cha mkono ndicho bora. Ukiwa na kinu cha kutwangia, twanga punje chache chache kwa kudonoa, bila kusugua, halafu zipitishe kwenye chujio la chai. Vumbi linaloanguka chini liweke kando, utumie chenga zilizobaki juu, na upime baada ya kuchuja. Kinu hicho kisiwe cha sombe wala cha pilipili. Mti unashika harufu na hauiachii.

4. Nusa unga kabla ya kuutia. Hatua hii haimo kwenye miongozo ya wazungu, lakini kwa kahawa ya Kivu, ya Rwanda na ya Burundi ni ya lazima. Mara moja moja utakutana na harufu kali ya kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Inahusishwa na mdudu anayeitwa antestia, anayetoboa tunda la kahawa likiwa mtini. Punje yenyewe kwa nje mara nyingi inafanana na nyenzake. Harufu inajitokeza inapovunjika. Punje moja inatosha kuharibu kafetieri nzima, na maji ya moto hayaiondoi. Ukiisikia, mwaga kipimo hicho, futa kinu kwa brashi kavu, saga kingine. Mfuko mzima usiutupe, kwa sababu punje zinazofuata kwa kawaida ni nzima. Ndiyo maana ninasisitiza kununua punje na kusaga kipimo kimoja kimoja: unga uliosagwa kilo nzima dukani, punje moja mbaya imeshachafua wote.

5. Mwaga maji ya kupashia, tia kahawa, tikisa kopo isawazike. Anza kuhesabu dakika. Toa birika motoni likiwa linatokota, umimine papo hapo, yote kwa mara moja, ukizungusha ili unga wote ulowe. Povu litapanda, kwa hiyo simama vidole viwili chini ya ukingo. Weka mfuniko, pistoni ikiwa juu. Zungushia kopo taulo, au kitenge kilichokunjwa mara nne.

6. Dakika ya 4, fungua. Juu kuna gamba nene la unga. Livunje kwa kijiko cha mti, koroga mara tatu taratibu, na utaliona linazama. Kijiko cha chuma kikigonga kioo kinaacha ufa mdogo ambao utakuja kufunguka siku ya maji ya moto. Povu na chenga zinazoelea ziondoe kwa kijiko.

7. Funika tena, ngoja dakika nyingine 4. Watu wengi wanabonyeza hapa kwa haraka, na wanakunywa matope. Muda huu ni wa vumbi kutulia chini. Usiogope uchungu: chenga ni kubwa, zimeshazama, na hazitoi tena kwa kasi.

8. Shusha pistoni kwa uzito wa mkono tu, na uache kabla ya kufika kwenye machicha. Kuyakandamiza kunafufua vumbi ulilolingojea litulie. Mimina polepole, na sentimita moja ya mwisho ibaki ndani. Kahawa ambayo hamnywi sasa hivi ihamishiwe kwenye termosi iliyopashwa moto. Ikikaa juu ya machicha inaendelea kuwa chungu.

Ikikataa

Pistoni ikigoma kushuka, usiisukume kwa kifua. Kahawa ni laini mno, na maji ya moto yanaweza kuruka yakakuunguza. Ivute juu sentimita mbili, ngoja, jaribu tena. Kesho saga chenga kubwa zaidi. Kahawa chungu inayokausha ulimi: unga laini, au punje zilizoungua. Chachu na nyepesi: karibu kila mara ni joto, kopo halikupashwa au birika lilikaa chini kabla ya kumimina. Kama uliyafanya yote mawili na bado ni chachu, saga laini kidogo, lakini badilisha jambo moja tu kwa siku ili ujue lipi limesaidia. Matope yakiwa mengi ingawa chenga ni kubwa, kagua wavu: ukingo uliokunjika haunyooki vizuri tena, unabadilishwa.

Wenye kolesteroli ya juu wajue kwamba wavu wa chuma unapitisha mafuta ya kahawa, ambayo yana kafestoli, nayo inapandisha kolesteroli. Ukiipitisha kahawa kwenye karatasi ya kuchujia, sehemu kubwa ya mafuta hayo inabaki kwenye karatasi.

Usafi

Machicha yasiende kwenye bomba la sinki, yanaziba; yamwage kwenye bustani. Osha kopo kwa sabuni kila mara, na kila wiki fungua pistoni kipande kwa kipande. Mafuta yanajificha kati ya wavu na sahani ya springi, yanachacha, na yanatoa ladha ya karanga za zamani ambayo watu wanaisingizia kahawa. Loweka vipande kwa nusu saa katika maji ya moto yenye kijiko kimoja cha magadi ya kupikia, sugua kwa brashi ya meno, suuza, uanike vikiwa vimetengana. Wakati wa kuvirudisha, wavu ukae katikati ya sahani mbili, na skurubu ikazwe kwa vidole tu.