Namna ya Kumsoma Mkosoaji Ambaye Kitabu Chake Kimepotea

Anayetaka kubobea katika historia ya Ukristo wa karne za kwanza na wakosoaji wake hana budi kuanza na Kigiriki cha kale, kisha Kilatini, na baadaye Kijerumani na Kifaransa vya kusomea tafiti. Lugha zikishakaa sawa, aingie kazini na Celsus.

Mwanafalsafa huyu aliwashambulia Wakristo kwa maandishi mnamo miaka ya 177 hadi 180, lakini kitabu chake hakipo tena. Kilichobaki ni maneno aliyoyanukuu Origen, mwanateolojia Mkristo, alipomjibu, yapata mwaka 248, katika vitabu vinane alivyoandika kwa ombi la mfadhili wake Ambrose. Tunamsikia mshtaki kupitia kinywa cha wakili wa utetezi, na wakili huyo ni hodari.

Kwa sababu hiyo, dibaji isomwe kwa makini kabla ya kurasa nyingine. Humo Origen anaeleza kwamba mwanzoni alikusudia kuorodhesha hoja kuu na majibu mafupi ili aje kuzipanga baadaye, lakini alipofika mahali ambapo Celsus anamleta Myahudi wa kubuni ili amhoji Yesu, aliamua kuokoa muda, akaiacha sehemu ya kwanza kama ilivyokuwa na kuanza kujibu hoja moja baada ya nyingine. Maelezo hayo ni hazina kwa mtafiti, kwani yanamtahadharisha asizipime nukuu za mwanzo kwa kipimo kilekile cha zile zinazofuata. Gawa daftari lako safu mbili: katika ya kwanza andika maneno ya Celsus mwenyewe, katika ya pili muhtasari wa Origen, na penye shaka uweke alama ya kuuliza bila kuona haya. Tafsiri ya Kiingereza ya Henry Chadwick ya mwaka 1953 itakusaidia, hasa tanbihi zake zinazoonyesha hoja zilizotoka kwa Plato na kwa Wastoa, wafuasi wa shule moja ya falsafa ya Kigiriki.

Porphyry, mwanafalsafa mwingine aliyewakosoa Wakristo, ni mgumu zaidi, kwa kuwa mwaka 448 watawala wa Roma waliamuru maandishi yake dhidi ya Wakristo yachomwe. Mwanahistoria Adolf von Harnack alikusanya vipande vyake mwaka 1916, lakini vingi alivitoa kwa Macarius Magnes, mwandishi Mkristo ambaye hasemi kwamba mpinzani anayemjibu ni Porphyry. Ukivitumia, mwambie msomaji wako hivyo katika sentensi ileile.