Namna ya kuangalia muvi za mashambani za Ufaransa bila kuboreka

Kwanza zima simu, maana hizi muvi zinaenda polepole na ukikosa dakika mbili umekosa mambo. Anza na Jean de Florette ya 1986, iko Provence, kusini mwa Ufaransa, jirani wanaziba chemchemi ya maji makusudi ili mgeni ashindwe kulima wachukue ardhi yake. Mwangalie mwigizaji Gérard Depardieu, ndo huyo mgeni, akibeba maji mgongoni juani, mtungi mzito, njia ya mawe, halafu wale wanaojua maji yako wapi wamenyamaza tu. Mimi pale nilishika kichwa. Ukimaliza usilale, weka Manon des sources hapohapo kwa sababu ndo hadithi yenyewe inafungwa, nusu ya kwanza peke yake itakuumiza bure.

Ya pili iwe Petit paysan, 2017. Kijana wa ng'ombe wa maziwa, mmoja anaumwa, akiripoti kundi zima linachinjwa, basi anaficha. Hapa angalia mikono yake anavyowagusa ng'ombe, director Hubert Charuel mwenyewe ni mtoto wa wafugaji na alishuti kwenye shamba la wazazi wake, ndo maana hakuna uongo.

Au nom de la terre ya 2019 iache mwisho na usiiangalie peke yako, ni hadithi ya baba yake director, baba huyo alijiua kwa madeni ya shamba. Ufaransa ilijaza kumbi za mikoani kuliko Paris, watu walikuwa wanaona familia zao. Ukilia lia tu, na usikimbilie kuwasha taa.